Barua za Kazi Zilizokuja kwa Jina la Jovitha

Dada Jovitha,

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu imeili nimezichoka. Ni saa kumi jioni, nimekaa barazani kwa Mama, na kahawa tuliyoianika asubuhi tumeiingiza ndani mara mbili kwa ajili ya mvua. Mgongo unaniuma. Nimesema nisipokuandikia leo, sitakuandikia tena.

Ni miezi minane tangu tukulaze kibanjani, kwenye migomba ya upande wa Baba. Binti yako Koku yuko darasa la sita na amerefuka, sketi ulizomshonesha mwaka jana nimeshazishusha pindo hadi zimeisha. Mama hali vizuri. Chumba chako hakuna anayelala ndani yake, ingawa tumekubaliana kwamba Koku akitaka atahamia. Na mimi ndiye niliyekalia kiti chako pale kwenye chama chetu cha wakulima wa kahawa. Mwenyekiti, Mzee Rwegoshora, alisema nishike kazi mpaka atakapopatikana katibu mwingine, na mpaka leo hakuna aliyetafutwa. Unajua mimi ni fundi cherehani. Kompyuta ulinifundisha wewe, ile miezi ulipoanza kuumwa na nikafunga kibanda changu cha Nkwenda nikaja kukusaidia. Uliniambia nisiiogope, haing'ati. Bado naiogopa kidogo.

Lakini hayo siyo niliyokaa kuyaandika. Nataka ujue walichokifanya watu kwa jina lako, maana sijui kama huko yanafika.

Wiki ya tano baada ya mazishi, Jumatatu, nilikuta msichana amekaa kwenye ngazi ya ofisi na begi kubwa na godoro lililofungwa kwa kamba. Alisimama akanipa shikamoo, nikacheka kidogo maana hatupishani sana kwa umri. Akasema anaitwa Aneth, ametoka Muleba, amekuja kuripoti kazini, na ameambiwa amwone Dada Jovitha.

Nilidhani ni mtu uliyewahi kumwahidi kitu kabla hujaumwa. Nikamwomba akae. Nikamwambia kwa upole kwamba Dada Jovitha tumemzika mwezi uliopita.

Akasema, "Mbona ameniandikia Alhamisi?"

Akanipa simu yake. Dada, nilisoma jina lako. Jina lako lote, na chini yake "Katibu", na anwani ile ile yetu ya chama, haikukosewa hata herufi moja. Barua ilimpongeza kwa kuchaguliwa kuwa mkaguzi wa ubora wa kahawa, ikamtaka aripoti ofisini hapa Kamuli Jumatatu saa mbili asubuhi na vitu vyake vya kulalia. Kabla ya hiyo walikuwa wameshamwandikia mara tatu, wakamtaka atume picha ya kitambulisho chake cha taifa, vyeti vyake vya shule, na majina ya wazazi wake. Alituma vyote. Alikuwa anafundisha chekechea huko kwao. Aliaga, wakamfanyia sherehe ndogo, na nafasi yake akapewa mwingine siku hiyo hiyo.

Nilikaa kwenye kiti chako nikaisoma tena barua ile. Haikuandikwa kama ulivyokuwa unaandika. Wewe ulikuwa huandiki barua bila kumuuliza mtu habari za nyumbani kwake. Lakini anwani ilikuwa yako.

Sikuwa na pa kumpeleka, nikaenda naye nyumbani. Mama alimpikia matoke na maharage, akamuuliza ukoo wao, akamuuliza kanisa. Nilijaribu kumweleza Mama bila kutaja jina lako lakini Aneth, ambaye hakuwa na kosa, akasema ameitwa kwa barua ya Dada Jovitha. Mama aliweka bakuli chini. Akanigeukia na uso wake ukafunguka namna ambayo sijauona tangu msiba.

"Jovitha ameandika?" akasema. "Waitu, jamani, anasemaje?"

Nilimwambia hapana, Mama, ni waongo. Akaniuliza tena kama nina hakika. Kisha akalichukua lile bakuli akaingia nalo ndani, na hatukumwona mpaka asubuhi. Mambo yote mengine ya mwaka huu nimeweza kuyabeba. Lile la Mama kuuliza unasemaje, bado.

Aneth hakuwa peke yake. Wiki iliyofuata akaja kijana wa Nyakatuntu na baba yake, wote wamevaa nguo za kanisani. Jumuiya yao ilikuwa imemwombea kabla hajaondoka. Akaja mama mmoja wa Kituntu na mtoto mgongoni, amepanda bodaboda mbili na amelowa. Kila aliyekuja alikuwa na barua yako kwenye simu, na kwa kila mmoja nilirudia maneno yale yale: Jovitha amefariki, chama hakijaandika, hakuna kazi. Wengine walilia. Baba wa yule kijana alinitazama kama ninaficha kitu ndani ya kabati. Nilikuwa nikitangaza msiba wako upya kila Jumatatu, tena kwa watu wasiokujua.

Bodi ikaitwa. Unakumbuka Bwana Kahigi, yule wa kamati ya usimamizi asiyependa kukaa? Alisimama mlangoni akauliza nywila ya imeili ya marehemu iko kwa nani. Nikasema iko kwangu. Simu ya marehemu iko kwa nani? Iko kwangu, tangu hospitali. Akasema basi. Mzee Rwegoshora aliinamisha kichwa akasema niwaachie ufunguo wa ofisi mpaka jambo lieleweke, na kwamba watamwarifu mtendaji wa kata na polisi. Niliuweka mezani nikatoka.

Nilikaa nyumbani zaidi ya wiki mbili nikipunguza migomba na kukata majani makavu. Hilo la kunishuku mimi niliona nitalivumilia. Lakini maneno hayakuishia kwangu. Jumapili moja Mama alirudi kutoka misa, akavua viatu, akakaa. Baadaye akaniambia amewasikia wanawake wawili nyuma yake wakisema huenda marehemu ndiye aliyeuanzisha mchezo huo alipoona hali yake mbaya, na mdogo wake anaumalizia. Mama alitamka hayo bila kulia. Akaniuliza tu, "Utakaa hivi hivi?"

Nilikuwa nimechoka, Dada. Nakwambia ukweli, nilikuwa tayari kukaa hivi hivi.

Aliyeniinua ni Aneth. Alikuwa bado kwetu, anaona aibu kurudi Muleba, anamsaidia Mama kuteka maji na kumfundisha Koku hesabu. Asubuhi moja tukiwa kwenye migomba aliniambia kwamba barua anayo kwenye simu yake, hajaifuta. Kama imeandikwa na mimi au na mwingine, lazima kuna mahali panapoonyesha. Akasema alishawahi kumsikia mtu akieleza kwamba kila imeili ina maandishi yaliyofichwa. Nikamkumbuka Bwana Mutalemwa, fundi wa kompyuta wa Kayanga, yule aliyetufungulia jina letu la mtandaoni mkishirikiana naye mwaka ule wa kwanza.

Tulipanda gari la asubuhi kutoka Nkwenda, tukafika Kayanga tumejaa vumbi hadi kwenye kope. Mutalemwa alinipa pole ya msiba kwa mara ya pili, kisha akaichukua simu ya Aneth, akaihamishia ile barua kwenye kompyuta na kuifungua kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Chini ya maneno mazuri ya kumpongeza Aneth kulikuwa na mistari mingi, tarakimu na majina. Akaifuata mmoja mmoja kwa ncha ya kalamu. Akasema barua hii haikupita kwenye mashine inayotuma barua zetu hata mara moja. Imetoka kwenye mashine iliyo mbali sana, ambayo haituhusu. Kisha akaingia kwenye sanduku lako la imeili, mimi nikimwandikia nywila, akatazama zilizotumwa na akatazama walioingia. Tangu ulipolazwa, aliyeingia ni mimi tu, na hakuna barua hata moja ya kazi iliyotoka humo.

Nikamuuliza, sasa jina lako lilifikaje pale juu?

Alinieleza taratibu, kama unavyomweleza mtu aliyefiwa. Alisema imeili ni kama bahasha ya posta. Jina la mtumaji huandikwa na yule anayetuma, na posta haimuulizi kama kweli ndiye. Mtu akiwa na mashine yake anaweza kuandika kwamba barua inatoka kwetu, na simu ya Aneth itaonyesha hivyo hivyo. Hakuhitaji nywila yako. Hakuhitaji kukujua. Jina lako lilikuwa kwenye tovuti ya chama, pamoja na cheo chako na picha yako ile ya gauni la bluu. Likamfaa.

Ipo njia ya kuzuia, akasema. Mwenye domeni, yaani lile jina linalofuata baada ya alama ya @, anaweza kuweka rekodi mahali pa wazi mtandaoni ambazo mashine za wapokeaji huzisoma kabla ya kuipokea barua. Sisi hatukuwa nazo.

Akasema, "Jovitha nilimwambia. Tulikubaliana angeniletea namba ya kuingilia kwenye domeni."

Hapo ndipo nilipokumbuka, Dada. Nilikumbuka pale pale, nikiwa nimesimama kwenye duka la watu.

Ilikuwa wiki ya pili hospitalini. Nilikuwa nimemaliza kukuosha, nakupaka mafuta miguuni, na miguu ilikuwa imevimba. Ukatoa karatasi ya daftari chini ya mto, imekunjwa mara nne. Ukasema, "Nipelekee hii kwa Mutalemwa kabla ya msimu." Kulikuwa na mistari mitatu ya Kiingereza na namba, na chini yake ile namba ya kuingilia kwenye domeni yetu. Nilikukasirikia. Sikuonyesha, au nadhani sikuonyesha, lakini nilikukasirikia, kwamba mimi nahangaika na maji ya moto na wewe unawaza ofisi. Nikakwambia, "Dada, acha kazi. Pona kwanza." Ukanitazama, halafu ukageukia ukutani. Karatasi nikaitia kwenye mfuko wa pembeni wa mkoba wangu.

Niliporudi kutoka Kayanga niliitafuta, nikaikuta. Chupa ya uji iliwahi kuvujia mle ndani na wino ulikuwa umetawanyika, ila namba ya mwisho ilisomeka. Ungeniambia kwamba hii inazuia watu kudanganywa, ningeenda. Lakini hukuwa na nguvu ya kunieleza, na mimi sikukuuliza. Nilidhani nakuonea huruma.

Kesho yake nilikwenda kwa Mzee Rwegoshora nyumbani kwake na kumweleza yote, pamoja na hilo la karatasi. Nilitaka alisikie kutoka kwangu. Alisikiliza hadi mwisho huku akichambua maharage, kisha akasema nimlete huyo fundi mbele ya bodi.

Mutalemwa alikuja Jumatano na kompyuta yake. Aliwaeleza ya bahasha, nao wakatikisa vichwa kama watu wasioamini. Bwana Kahigi akasema maneno ni rahisi. Basi fundi akamwomba Mwenyekiti ruhusa ya kumwonyesha jambo kwa jina lake mwenyewe, na Mwenyekiti akaitoa mbele ya wote. Fundi akaandika kwa dakika chache. Simu ya Mzee Rwegoshora ikalia mezani. Akavaa miwani, akafungua, akasoma kimoyomoyo, akairudia kwa sauti. Ilikuwa barua fupi inayosema kikao kimeahirishwa, na imetoka kwa Mwenyekiti, kwenda kwa Mwenyekiti.

"Nimejiandikia mimi," akasema. Hakuna aliyecheka.

Akaizungusha simu meza nzima, kila mmoja akaona. Ilipomfikia Bwana Kahigi aliishika muda mrefu. Kisha akatia mkono kwenye koti, akatoa ufunguo wa ofisi, akausukuma mezani ukafika mbele yangu. Hakusema pole. Mzee Rwegoshora ndiye aliyesema, tena akasimama, kwamba jina la Jovitha limeonewa na Jumapili atasimama kanisani kulisafisha. Na alisimama kweli. Aliongea vizuri, ingawa alilitamka lile neno domeni kwa namna tatu tofauti.

Nilidhani imekwisha. Ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Kila Alhamisi nilikwenda Kayanga. Mutalemwa alisema hataki kuweka rekodi mwenyewe halafu nibaki sijui, maana ndivyo tulivyofika hapo. Ya kwanza ni orodha ya mashine zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina letu. Ya pili inahusu muhuri, kwamba kila barua inayotoka kwetu inagongwa muhuri usioonekana, na sisi tunaweka wazi ufunguo ambao mpokeaji anautumia kuhakiki kwamba muhuri ni wetu na barua haikubadilishwa njiani. Ya tatu ndiyo inayoamuru. Inamwambia mpokeaji afanye nini na barua yenye jina letu ambayo haikutoka kwenye mashine za orodha hiyo wala haina muhuri wetu: aipitishe, aitupe kwenye folda ya barua taka, au aikatae kabisa. Na inamwomba atuletee taarifa.

Nikasema tuanze na kukataa. Nilikuwa na hasira. Akasema hapana, tuanze na kupitisha huku tunatazama, kwa sababu hatujui bado ni nani wote wanaotuma kwa jina letu kwa halali. Tukifunga mlango haraka tutajifungia nje wenyewe.

Kwa hiyo tulitazama. Taarifa zilikuja kila siku, mafaili yaliyojaa tarakimu, na nilijifunza kuzisoma kama nilivyojifunza kupima kiuno cha mtu kwa macho. Hii ni mashine yetu, sawa. Hii siyo. Hii siyo. Hii siyo. Walikuwa wengi kuliko nilivyodhani, Dada. Kulikuwa na siku ambazo barua za uongo zilizidi za kweli, na mimi nilikuwa nimekaa pale nikiziona zikipita na nimekatazwa kuzizuia. Nilikuwa nikirudi Kamuli nimechoka kiasi kwamba Koku ananivua viatu.

Baada ya wiki kadhaa tukapanda hatua ya pili, zile za uongo zikaanza kutupwa kwenye folda ya barua taka. Siku ya tatu mnunuzi wetu wa Bukoba akapiga simu. Anauliza mbona mwaka huu hatujamwalika kuja kuonja kahawa. Mwaliko nilikuwa nimeutuma kwa mkono wangu. Akaukuta kwenye folda ya barua taka. Ule mtandao wa kutuma matangazo kwa watu wengi, uliojiunga nao wewe mwenyewe na ambao mimi sikujua una mashine zake, haukuwa kwenye orodha yetu wala haukuwa na muhuri. Ulikuwa ukituma mara moja kwa msimu tu, ndiyo maana hatukuuona wakati tunatazama. Nilikaa chini nikalia kwa jambo dogo kama hilo. Mutalemwa akanisubiri nimalize, kisha tukauongeza.

Mwezi Julai, msimu wa kahawa ukiwa umepamba moto na uwanja wa kuanikia umejaa, tukaweka kukataa. Tulijaribu tena ile barua ya Mwenyekiti kwenda kwa Mwenyekiti. Tulingoja mbele ya simu yake, na hakuna kilicholia. Akaniuliza kama ndiyo hivyo tu. Nikamwambia ndiyo hivyo tu. Akarudi kwenye mizani.

Taarifa za wiki zile zilionyesha wanajaribu na wanarudishwa, kisha wakaanza kupungua. Tangu hapo hakuna mtu aliyekuja na godoro kwa barua ya anwani yetu. Sitakudanganya kwamba yamekwisha, kwa sababu hao watu hawajaenda kulima. Mwezi uliopita wamefungua jina lingine linalofanana na letu, wameongeza herufi moja katikati, na rekodi zetu haziwezi kuwazuia kutumia jina ambalo si letu. Mutalemwa alikuwa amenionya. Tumelitangaza kwetu Wakatoliki na kwa Walutheri, na kwa mtendaji tumebandika karatasi, kwamba chama hakiajiri mtu kwa imeili na mwenye shaka apige simu. Polisi walichukua maelezo yangu na ya Aneth. Nani aliyefanya, hatujui. Nadhani hatutajua.

Aneth alikaa nasi hadi Pasaka, akarudi kwao. Mama alimfungia mkungu na akamsindikiza hadi barabarani, jambo ambalo hamfanyii mtu. Amepata kufundisha tena, lakini shule iko mbali na anatembea sana. Vile vitambulisho alivyotuma viko mikononi mwa watu na havirudi. Ananipigia Jumamosi. Hajawahi kutulaumu, ingawa angeweza.

Kuna jambo la mwisho nililifanya, na ndilo lililonichelewesha kukuandikia. Mutalemwa alisema anwani yako haipaswi kubaki wazi wakati mwenyewe hayupo. Niliahirisha mara tatu. Nilikuwa na mazoea ya kuingia humo asubuhi nikasoma ulivyowaandikia watu. Barua yako ya mwisho ilikwenda kwa yule mnunuzi wa Bukoba. Ulimuuliza mkewe kama amejifungua salama, ndipo ukamweleza unyevu wa kahawa. Hukumwambia kwamba unaumwa.

Nilimuuliza Mama kwanza, kwa sababu ya siku ile ya bakuli. Nilimweleza kwamba nikifunga, hakuna atakayeweza kumwandikia Jovitha tena, wala Jovitha hataandika. Akasema, "Mwache apumzike. Wamemsumbua vya kutosha." Basi nikazichapisha barua zako, zote zenye zaidi ya mambo ya kazi, nikaziweka kwa Koku. Nikafunga anwani. Kompyuta iliniuliza kama nina uhakika, nikabonyeza ndiyo, na nikatoka nje kusimama kwenye jua na wanawake waliokuwa wanageuza kahawa. Walinipa reki nikageuza nao.

Dada, naomba unisamehe ile karatasi. Mama anasema ulinisamehe pale pale. Lakini Mama hakuwepo chumbani, hakuona ulivyogeukia ukutani. Mimi niliona. Sijui kama ulikuwa umenikasirikia au umechoka tu kama nilivyochoka mimi sasa. Nikijifikiria leo, naona huenda ulichoka. Nalishika hilo.

Nakuahidi mambo mawili, sina nguvu ya matatu. La kwanza, taarifa nitazisoma kila Jumatatu kabla sijanywa chai, hata zikiwa tupu, na atakayekalia kiti hiki baada yangu nitamfundisha kabla sijaugua. La pili, mgonjwa akinipa kazi sitamwambia aache. Nitamuuliza ni kazi gani, nami nitakaa chini anieleze.

Lala salama, Jovitha. Mtu akiandika tena kwa anwani yako, barua yake itamrudia mwenyewe, haitafika kwa mtoto wa mtu. Huna tena kazi ya kufanya huku. Iliyobaki ni yangu.

Mdogo wako,
Adventina